Rangi Katika Terminali: Upatanisho wa Kisarufi na Majina ya Rangi Katika Skripti za Sheli

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna maandishi ya rangi yanavyotolewa katika terminali ya kompyuta kwa kutumia skripti za sheli, pamoja na tatizo la kisarufi linalozuka pale ujumbe wa skripti hizo unapoandikwa kwa Kiswahili. Inadaiwa humu kwamba makosa ya aina ya *maandishi nyekundu hayatokani na upungufu wa Kiswahili, bali yanatokana na muundo wa skripti unaolichukulia jina la rangi kuwa neno lisilobadilika. Mifano inatolewa kuonyesha kwamba nomino rangi yenyewe inaweza kuondoa tatizo hilo. Aidha, kwa kutumia data za lugha na maisha ya eneo la Arusha na Mlima Meru, inaelezwa kwa nini rangi isiachiwe peke yake kubeba maana ya ujumbe.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu Kiswahili na kompyuta imejikita zaidi katika uundaji wa istilahi. Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: kifaa fulani au tendo fulani liitweje? Swali hilo ni la msingi, na juhudi za kulijibu zimezaa matunda. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kazi za ofisi iliyokuwa na menyu na ujumbe wa Kiswahili. Hata hivyo, istilahi ni nusu tu ya kazi. Neno likishapatikana hapana budi litumike katika tungo, na tungo za Kiswahili zina kanuni zake. Kanuni iliyo kuu ni upatanisho wa kisarufi.

Makala haya yanaichunguza nusu hiyo ya pili kwa kutumia jambo moja dogo lenye mipaka iliyo wazi, yaani utoaji wa maandishi ya rangi katika terminali. Terminali, kwa maana inayotumika hapa, ni dirisha la kompyuta ambamo mtumiaji huandika amri kwa herufi badala ya kubofya picha. Sheli ni programu inayozipokea amri hizo na kuzitekeleza. Skripti ya sheli ni faili lenye amri kadhaa zilizopangwa kwa utaratibu ili zitekelezwe kwa mkupuo.

Eneo la Arusha linafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo lenye vyuo kadhaa vinavyofundisha masomo ya kompyuta, vikiwamo Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Uhasibu Arusha, na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru. Pili, ni eneo ambalo Kiswahili kinakutana kila siku na lugha mbili zenye asili tofauti, yaani Kimaa, ambacho ni lugha ya Kiniloti inayozungumzwa na Wamaasai na Waarusha, na Kimeru cha Tanzania, ambacho ni lugha ya Kibantu iliyo jirani na lugha za Wachaga. Kwa hiyo, mwanafunzi wa eneo hili anapoketi mbele ya terminali huwa amekwisha kujua zaidi ya njia moja ya kuzigawa na kuzitaja rangi.

2.0 Namna Terminali Inavyopokea Rangi

Terminali haipokei jina la rangi, bali hupokea namba. Katika mfuatano wa herufi unaopelekwa kwenye skrini, baadhi ya alama hazikusudiwi kuonekana. Kazi yake ni kuiamuru skrini namna ya kuonyesha herufi zinazofuata. Alama inayofungua amri ya aina hiyo ni ile namba 27 katika orodha ya ASCII, ambayo pia hutolewa na kitufe cha Esc. Katika hesabu ya msingi wa nane, 27 huandikwa 033. Baada ya alama hiyo hufuata mabano ya mraba yanayofungua, kisha namba, kisha herufi m. Utaratibu huu umewekwa katika viwango vya kimataifa vya ECMA-48, ambacho toleo lake la tano lilitoka mwaka 1991, na ISO 6429. Ulienea sana baada ya kampuni ya Digital Equipment Corporation kutoa terminali yake ya VT100 mwaka 1978. VT100 yenyewe haikuwa na rangi, lakini iliutumia utaratibu huohuo kwa kukoza maandishi na kuyapigia mstari. Tazama mfano (1):

(1)  printf '\033[31mKosa\033[0m\n'

Katika mfano (1), sehemu ya \033[31m inaiamuru terminali ianze kuandika kwa rangi nyekundu. Neno Kosa linafuata, nalo linaonekana kwa rangi hiyo. Sehemu ya \033[0m inarudisha hali ya kawaida. Mwandishi akiisahau sehemu hii ya mwisho, kila kitakachoandikwa baadaye huendelea kuwa chekundu, hata kama hakihusiani na kosa lolote.

Namba za rangi za maandishi ni 30 hadi 37, na namba za rangi za mandhari ya nyuma ni 40 hadi 47. Hivyo basi, katika mpangilio wa msingi kuna rangi nane tu. Terminali nyingi za siku hizi zinakubali pia namba 90 hadi 97 kwa rangi nane zilizokolea mwanga, na kuna njia za kuchagua miongoni mwa rangi 256 au zaidi. Uchambuzi huu unabaki katika zile nane za msingi, kwani ndizo zinazotegemewa na skripti nyingi.

Ni vema ieleweke pia kwamba amri ya printf imechaguliwa hapa kwa makusudi badala ya echo. Sheli mbalimbali hazikubaliani kuhusu namna echo inavyopaswa kuushughulikia mkwaju wa nyuma: baadhi huutafsiri bila kuambiwa, na nyingine, kama vile bash, kwa kawaida huutafsiri pale tu zinapopewa kiambatisho cha -e. Amri ya printf haina utata huo.

3.0 Rangi Nane Kama Mfumo wa Sifa Bainifu

Mpangilio wa rangi nane za terminali utamvutia kila aliyewahi kusoma fonolojia. Rangi hizo hazikuorodheshwa kiholela. Zinatokana na mianga mitatu ya skrini, yaani mwekundu, wa kijani na wa buluu, ambayo kila mmoja ama umewashwa ama umezimwa. Mwanga mwekundu umepewa thamani ya 1, wa kijani 2, na wa buluu 4. Rangi hupatikana kwa kujumlisha thamani za mianga iliyowashwa:

(2)  0  hakuna mwanga: nyeusi
     1  nyekundu
     2  kijani
     3  (1+2): manjano
     4  buluu
     5  (1+4): rangi iliyo kati ya zambarau na waridi
     6  (2+4): rangi iliyo kati ya kijani na buluu
     7  (1+2+4): nyeupe

Huu ni mfumo wa sifa bainifu katika umbo lake lililo wazi kabisa. Kama vile /b/ na /p/ zinavyotofautishwa na sifa moja ya mghuno, ndivyo manjano na nyekundu zinavyotofautishwa na sifa moja ya mwanga wa kijani. Sifa tatu zenye thamani mbili kila moja huzaa vipashio vinane, si zaidi wala si pungufu.

Hata hivyo, uhusiano kati ya namba na kinachoonekana si wa lazima. Kadi ya rangi iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1981 kwa jina la CGA ilipounganishwa na skrini yake ya rangi, manjano iliyofifia ilionekana kuwa kahawia, kwa kuwa mwanga wa kijani ulipunguzwa kwa makusudi. Mazoea hayo yamebaki katika skrini ya maandishi matupu ya mfumo wa Linux, ambamo kwa kawaida namba 33 huonekana kahawia. Namba hiyohiyo ikitumiwa katika dirisha la programu ya xterm huonekana manjano. Kwa istilahi za Ferdinand de Saussure, kitaja kimebaki kilekile ilhali kitajwa kimehama. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya 6.0, kwa sababu skripti inayomwambia msomaji atazame mstari wa manjano inaweza kumtuma kutafuta kitu ambacho hakipo mbele yake.

4.0 Majina ya Rangi Katika Kiswahili

Mfumo wa terminali unazichukulia rangi zote nane kuwa na hadhi moja. Kiswahili hakifanyi hivyo. Katika Kiswahili majina ya rangi yamegawanyika katika makundi mawili yaliyo tofauti kimofolojia.

Kundi la kwanza ni la vivumishi halisi, navyo ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Vivumishi hivi huchukua kiambishi cha ngeli ya nomino inayovumishwa:

(3)  a. mstari mwekundu / mistari myekundu
     b. neno jekundu / maneno mekundu
     c. kitufe chekundu / vitufe vyekundu
     d. rangi nyekundu
     e. ujumbe mwekundu

Kundi la pili ni la nomino zinazotumika kutaja rangi. Nyingi kati yake ni majina ya vitu vyenye rangi hiyo, au zimetokana na majina hayo. Kijani inatokana na jani; manjano ni jina la kiungo cha pilau na mchuzi; kijivu inatokana na jivu; kahawia inahusiana na kahawa; zambarau na waridi ni tunda na ua. Nyingine zimekopwa, kama vile buluu kutoka Kiingereza, na samawati na urujuani kutoka Kiarabu. Nomino hizi hazichukui kiambishi cha ngeli ya nomino inayofafanuliwa. Upatanisho hudhihirishwa na kiunganishi cha -a kinachotangulia:

(4)  a. mstari wa kijani / mistari ya kijani
     b. neno la kijani / maneno ya kijani
     c. kitufe cha kijani / vitufe vya kijani

Mgawanyiko huu unaafiki nadharia maarufu ya Brent Berlin na Paul Kay, ambao katika kitabu chao cha mwaka 1969 walidai kwamba lugha hujipatia majina ya msingi ya rangi kwa mfuatano unaotabirika: nyeusi na nyeupe kwanza, kisha nyekundu, halafu kijani au manjano, na baadaye buluu na nyinginezo. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 ambazo data zake zilikusanywa moja kwa moja kutoka kwa wasemaji. Ni dhahiri kwamba vivumishi vitatu halisi vya Kiswahili ndizo rangi tatu za mwanzo katika mfuatano huo.

Wapo wanaoweza kulitazama kundi la pili kuwa ushahidi wa umaskini wa lugha. Mtazamo huo haukubaliki. Magenta, jina la kimataifa la rangi namba 5, ni jina la mji wa Italia ambako vita vilipiganwa mwaka 1859, na rangi iliyotengenezwa viwandani katika kipindi hichohicho ikabandikwa jina hilo. Kama mji wa vita unaweza kuwa rangi, hakuna sababu ya kuyaonea haya majani na manjano.

Rangi namba 5 na namba 6 ndizo pekee zisizo na jina lililozoeleka miongoni mwa wasemaji wa kawaida. Kwa namba 5, Kiswahili kina zambarau na urujuani. Kwa namba 6, kuna feruzi, jina la kito chenye rangi ya kati ya kijani na buluu. Katika mifano inayofuata, urujuani na feruzi zimetumika. Uteuzi huu unaweza kupingwa kwa hoja kwamba urujuani kwa kawaida hutaja rangi iliyo karibu zaidi na buluu. Lakini katika seti funge ya vipashio vinane thamani ya kila istilahi hutokana na ukinzani wake na nyingine, na hakuna rangi nyingine ndani ya seti hii inayoweza kugombea jina hilo. Jambo la muhimu ni kwamba jina moja lichaguliwe na lishikwe hadi mwisho.

5.0 Tatizo la Upatanisho

Tatizo huanza pale mwandishi wa skripti anapotaka kuokoa kazi kwa kuunda tungo moja yenye nafasi wazi, kisha kuijaza nafasi hiyo kwa jina la rangi. Katika sheli, nafasi hiyo hujazwa na kigeu, yaani jina linalobeba thamani inayoweza kubadilishwa:

(5)  RANGI="nyekundu"
     echo "Tazama maandishi $RANGI"

Skripti hii itatoa *Tazama maandishi nyekundu. Kompyuta haitalalamika, kwa sababu kwake hakuna kosa. Kosa ni la Kiswahili: maandishi yanadai mekundu. Mwandishi akibadili thamani ya kigeu kuwa kijani, atapata *Tazama maandishi kijani, tungo iliyokosa kiunganishi. Akijaribu kurekebisha kwa kuongeza ya ndani ya tungo, atapata maandishi ya kijani, ambayo ni sahihi, lakini pia *maandishi ya nyekundu, ambayo si sanifu. Kila anapoziba upande mmoja, upande mwingine unavuja.

Chanzo cha tatizo ni rahisi kukieleza. Muundo wa mfano (5) umeazimwa kutoka lugha ambayo kivumishi cha rangi hakibadiliki kwa kufuata nomino. Kwa Kiingereza, muundo huo haumletei mwandishi taabu yoyote. Ukihamishiwa katika Kiswahili unakutana na mambo mawili kwa pamoja: upatanisho wa ngeli, na mgawanyiko wa majina ya rangi katika makundi mawili. Aidha, umbo la nyekundu humlaghai mwandishi kwa sababu ndilo linalotumika rangi inapotajwa peke yake. Umbo hilo lina upatanisho na nomino rangi iliyofichika. Si jina huru la rangi kama linavyoonekana.

Inafaa isisitizwe kwamba upatanisho si tabia ya Kiswahili pekee katika eneo linalozungumziwa. Kimeru, kwa kuwa ni lugha ya Kibantu, kina mfumo wake wa ngeli. Kimaa, ingawa si lugha ya Kibantu, hupatanisha maneno ya rangi na jinsia ya nomino. Mlima ulioko Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya kaskazini mwa Arusha, huitwa Oldoinyo Orok, yaani mlima mweusi, na Kilimanjaro huitwa Oldoinyo Oibor, yaani mlima mweupe. Nomino oldoinyo ni ya jinsia ya kiume, na kiambishi o- kinajitokeza katika neno la rangi. Nomino enkai, yenye maana ya Mungu na pia mvua, ni ya jinsia ya kike. Kwa hiyo husemwa Enkai Narok, Mungu mweusi, na Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu, kwa kiambishi na-. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Arusha, awe amelelewa kwa Kimaa, kwa Kimeru au kwa Kiswahili, anajua kwamba neno la rangi husikilizana na nomino yake. Skripti ya mfano (5) inamtaka alisahau jambo analolijua.

Hatari ya jambo hili si ndogo kama inavyoweza kudhaniwa. Mtumiaji anayesoma *maandishi nyekundu, *mafaili 1 yamefutwa na *mstari kijani katika programu moja hatamlaumu mwandishi wa skripti. Ataona kuwa Kiswahili cha kompyuta ni kibovu, na kwamba ni afadhali programu hiyo ingebaki kwa Kiingereza. Hukumu dhidi ya lugha itakuwa imetolewa kwa kosa ambalo si la lugha.

6.0 Suluhisho: Nomino Rangi Kama Kibebeo

Suluhisho la kwanza linaloweza kufikiriwa ni kuandika tungo nzima kwa kila hali, bila nafasi wazi. Hili ndilo pendekezo la jumla la wanaofanya kazi ya kutafsiri programu. Mfumo wa gettext, unaotumika sana katika programu huria tangu miaka ya 1990, huwahimiza waandishi kutoa sentensi kamili kwa mfasiri badala ya vipande. Mfumo huo una pia utaratibu wa umoja na wingi, unaowezesha faili 1 limefutwa na mafaili 3 yamefutwa kuandikwa kila moja kivyake. Pale ambapo tungo ni chache, njia hii ndiyo bora.

Lakini kuna hali ambapo jina la rangi haliwezi kujulikana kabla, mathalani skripti inayomruhusu mtumiaji kuchagua rangi aipendayo. Katika hali hiyo, Kiswahili chenyewe kinatoa njia. Nomino rangi inaweza kuwekwa kati ya nomino kuu na jina la rangi. Ikifanyika hivyo, kivumishi au kiunganishi cha jina la rangi hupatana na rangi daima, si na nomino kuu:

(6)  a. mstari wa rangi nyekundu / mstari wa rangi ya kijani
     b. neno la rangi nyekundu / neno la rangi ya kijani
     c. maandishi ya rangi nyekundu / maandishi ya rangi ya kijani

Katika mfano (6), kirai kinachoanza na rangi hakibadiliki katika safu nzima. Kinachobadilika ni kiunganishi kilicho mbele yake (wa, la, ya), nacho hutegemea nomino kuu ambayo mwandishi anaijua anapoiandika tungo. Kwa hiyo, nomino rangi ni kibebeo: inabeba mzigo wa upatanisho ili jina la rangi lipate kutulia. Kinachopaswa kuhifadhiwa katika skripti si nyekundu wala kijani, bali kirai kizima:

(7)  jina_la_rangi() {
       case "$1" in
         0) echo "rangi nyeusi" ;;
         1) echo "rangi nyekundu" ;;
         2) echo "rangi ya kijani" ;;
         3) echo "rangi ya manjano" ;;
         4) echo "rangi ya buluu" ;;
         5) echo "rangi ya urujuani" ;;
         6) echo "rangi ya feruzi" ;;
         7) echo "rangi nyeupe" ;;
       esac
     }

     for n in 0 1 2 3 4 5 6 7; do
       printf '\033[3%smMstari huu ni wa %s.\033[0m\n' \
         "$n" "$(jina_la_rangi "$n")"
     done

Skripti hii inatoa mistari minane, kila mmoja kwa rangi yake, na tungo zote ni sahihi: Mstari huu ni wa rangi nyekundu, Mstari huu ni wa rangi ya kijani, na kadhalika. Ikumbukwe kwamba namba na jina vimetenganishwa. Namba ni ya terminali, na jina ni la msomaji. Kwa njia hiyo, taasisi yenye mamlaka kama BAKITA ikisanifisha jina tofauti kwa rangi namba 6, mstari mmoja tu wa skripti utabadilishwa.

Mwandishi atakayeijaribu skripti hii atagundua vilevile kwamba katika terminali yenye mandhari meusi mstari wa kwanza hauonekani, na kwamba wa buluu husomeka kwa shida. Mandhari yakiwa meupe, mstari wa mwisho ndio unaopotea. Namba 33 nayo, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 3.0, inaweza kuonekana kahawia. Haya yanaonyesha kwamba hata skripti iliyo sahihi kisarufi haiwezi kuwa na hakika ya kile ambacho msomaji atakiona.

7.0 Rangi na Maana: Ushahidi wa Arusha na Meru

Mazoea ya kompyuta yameipa kila rangi kazi. Nyekundu hutumika kwa kosa, manjano kwa tahadhari, na kijani kwa jambo lililofanikiwa. Programu ya Git huonyesha mistari iliyoondolewa kwa rangi nyekundu na iliyoongezwa kwa kijani. Mazoea haya yanafanana na ya taa za barabarani, na kwa hiyo huonekana kana kwamba ni ya kimaumbile.

Mashamba ya kahawa kwenye miteremko ya Mlima Meru yanatoa ushahidi tofauti. Mchumaji wa kahawa huchuma matunda mekundu na kuyaacha ya kijani. Kwake, nyekundu ina maana ya tayari, na kijani ina maana ya bado. Lugha inamuunga mkono, kwani Kiswahili huisifu kijani kwa neno -bichi, kama katika kijani kibichi, na -bichi ni kinyume cha -bivu. Katika terminali, jambo bichi ndilo linalotangazwa kuwa limekamilika.

Nyeusi nayo ina historia yake. Katika imani ya Wamaasai, Enkai Narok ndiye mwenye huruma anayeleta mvua, na Enkai Nanyokie ndiye mwenye ghadhabu. Uhusiano wa weusi na baraka unaeleweka kwa mfugaji anayetazama wingu zito likikaribia malisho yaliyokauka. Hapa nyekundu ya ghadhabu inaafikiana na nyekundu ya kosa katika terminali, lakini nyeusi, ambayo kwa terminali nyingi ni mandhari tu yasiyosema kitu, ndiyo yenye maana iliyo njema kuliko zote.

Haidaiwi hapa kwamba mtu aliyechuma kahawa hawezi kujifunza mazoea ya kompyuta. Mtu yuleyule huvuka barabara mjini Arusha kwa kufuata taa. Kinachodaiwa ni kwamba maana ya rangi ni ya makubaliano, na makubaliano hupaswa kutamkwa. Isitoshe, wapo watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, na kwao makubaliano hayo hayasaidii hata yakitamkwa.

Chukuliwa mfano wa skripti ya usajili inayoorodhesha majina ya wanafunzi, wale waliokamilisha malipo kwa kijani na wasiokamilisha kwa nyekundu, bila neno lolote la ziada. Orodha hiyo ikichapishwa kwa printa ya wino mweusi na kubandikwa ukutani, majina yote yanakuwa sawa. Ikihifadhiwa katika faili, hali ni mbaya zaidi, kwani alama za rangi zinabaki katikati ya majina kama takataka: ^[[31m mbele ya jina, ^[[0m nyuma yake. Mwanafunzi anayesimama mbele ya orodha hiyo hawezi kujua kama ana nafasi chuoni au hana. Taarifa ilikuwamo katika rangi, na rangi imepotea njiani.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi: skripti iulize kwanza kama inaandika kwenye terminali, na kama mtumiaji hajaikataa rangi. Kwa kukataa huko umeenea, tangu mwaka 2017, utaratibu wa kutumia kigeu kiitwacho NO_COLOR. Ya pili ni ya kiisimu: neno litangulie, rangi ifuate. Zote mbili zimo katika mfano (8):

(8)  if [ -t 1 ] && [ -z "$NO_COLOR" ]; then
       NYEKUNDU=$(printf '\033[31m')
       KIJANI=$(printf '\033[32m')
       KAWAIDA=$(printf '\033[0m')
     else
       NYEKUNDU='' KIJANI='' KAWAIDA=''
     fi

     printf '%sKOSA:%s malipo hayajakamilika.\n' \
       "$NYEKUNDU" "$KAWAIDA"
     printf '%sTAYARI:%s malipo yamekamilika.\n' \
       "$KIJANI" "$KAWAIDA"

Katika mfano (8), rangi ikiondolewa, maneno KOSA na TAYARI yanabaki, na ukanushi uliomo katika hayajakamilika unabaki pia. Rangi inamsaidia msomaji kuona haraka. Haimzuii kuelewa ikikosekana. Inafaa ionekane pia kwamba NYEKUNDU na KIJANI hapa ni majina ya vigeu tu. Hayaonekani na msomaji wala hayaingii katika tungo, na kwa hiyo hayadai upatanisho.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utoaji wa maandishi ya rangi katika terminali, ambao kiufundi ni suala la namba nane na alama chache, unazua maswali halisi ya isimu ya Kiswahili. Imeonekana kwamba namba ya rangi haina ngeli, ilhali jina la rangi katika Kiswahili halitumiki bila ngeli. Imeonekana pia kwamba nomino rangi, ikitumiwa kama kibebeo, inatosha kuziwezesha skripti kuunda tungo sahihi bila kuorodhesha maumbo yote ya kila kivumishi.

Fundisho kwa wanaofasiri programu ni kwamba wasipewe orodha ya maneno pekee. Wapewe tungo, na waulizwe tungo hizo zinajengwaje. Fundisho kwa wanaofundisha Kiswahili vyuoni ni kwamba sarufi ya upatanisho, ambayo wanafunzi huidhania kuwa somo la mitihani tu, ina kazi katika vyumba vya kompyuta. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu vipengele vingine ambamo tatizo la aina hii hujitokeza, hasa idadi, tarehe na viambishi vya nafsi. Kwa sasa inatosha kusisitiza kwamba pale skripti inapotamka *maandishi nyekundu, kinachopaswa kusahihishwa ni skripti.